Kitanda cha Bi Zehra

Farida mwanangu, iwashe hiyo simu irekodi, uiweke hapa juu ya mto karibu na mdomo wangu, maana sauti yenyewe mnaisikia ilivyo. Shomari, kaa. Najua una haraka ya kurudi sokoni Mabibo kwenye mzigo wako, ila leo mzigo utakusubiri. Bi Zubeda, mjumbe wetu, ahsante kwa kuitikia wito. Vuta kiti uingie ndani, usisimame hapo mlangoni. Umekuwa mjumbe wa shina hili miaka kumi na tisa, nyumba yangu umeiingia kwa misiba na kwa sensa, lakini chumba hiki hujawahi kukikanyaga, na wala si wewe peke yako. Tazama unapotaka kutazama. Leo simzuii mtu.

Nisikilizeni wanangu, na msinikatishe, kwa sababu nikikatishwa sina hakika kama nitaweza kuanza upya. Nyumba hii mtagawana kwa sheria ya dini yetu, sheikh atawaelekeza, na vile vyumba viwili vya uani avisimamie Farida kwa kuwa ndiye anayewajua wapangaji. Shamba la Mkuranga ni la Shomari. Vyombo vyangu vya kazi, yaani randa, misumeno, zile patasi kumi na moja na mashine ya kukereza, vyote apewe Praygod. Usinune, Shomari, sababu inakuja. Na hiki kitanda nilichokilalia msikiingize kwenye mirathi. Ulipokipiga picha juzi ukidhani nimesinzia, nilikuwa macho, na nilikusikia barazani unamwambia mtu wa hoteli kwamba babako ana samadari ya kale ya Kihindi na mzee hana siku nyingi. Sikulaumu. Hukujua. Kitanda hiki si changu, na thelathini na tano ndiyo miaka niliyokilalia.

Mwaka tisini nilikuwa na karakana yangu Tandika, Temeke, natengeneza makabati na viti vya kawaida, na huku na huku napata kazi ya kukarabati samani za kale, kazi niliyoipenda kuliko chakula. Ndipo akaja Bi Zehra, mama wa Kihindi wa Kinondoni, amefiwa na mumewe hata mwaka haujatimia, na nyuma yake mkokoteni umebeba mbao zilizofungwa kwenye mashuka. Akaniambia, "Fundi Badru, hiki ni kitanda cha bibi yangu. Alikuja nacho kutoka India akiwa mwari. Mama yangu amefia hapo, na mimi nimezaliwa hapo. Matendegu mawili yameliwa na wadudu. Ukikiharibu, bora usinione tena." Akaniachia, akasafiri kwenda kumuuguza dada yake Mombasa. Alisema atarudi baada ya miezi minne.

Bi Zubeda, mtazame hapo kichwani kwangu. Yule tausi amechorwa nyuma ya kioo, si mbele. Mchoraji wa kazi ile anaanza na kile kitakachoonekana mwisho: anaweka jicho kwanza, halafu manyoya juu ya jicho, halafu bustani juu ya manyoya, na akikosea jicho hana pa kulifutia. Tazama na haya matendegu, yamekerezwa kama mitungi midogo iliyopandana, na hakuna hata mmoja uliozidi mwenzake kwa unene wa kucha. Na msumari hamna. Kila ubao una ulimi wake unaoingia kwenye tundu la mwenzake, na kigingi cha mti kinapita katikati kukaza. Mie nilikuwa na miaka arobaini na tatu, nimeshika randa tangu utotoni, na nilipokifungua kitanda kile nikajiona sijui kitu.

Nikakarabati yale matendegu kwa wiki tatu. Miezi iliyobaki nikaanza kukinakili. Wallahi nilianza kwa kutaka kujifunza tu, hakuna aliyenituma na wala sikumfikiria mnunuzi. Msaji mkavu, mti wa kitanda chenyewe, sikuupata wa kutosha, nikatumia mninga, nikautia rangi ya majani ya chai na masizi mpaka ukafanana. Vioo nilivunja kumi na vinne kabla sijaweza lile jicho. Mama yenu Somoe alikuwa ananiletea chakula karakana na kukikuta jioni kimedoda palepale alipokiweka. Nilipoviunganisha vyote viwili na kuvisimamisha sambamba, nilikaa chini nikalia kama mtoto, kwa furaha, maana nilijua ni nani aliyekifanya kile kimoja.

Bi Zehra akarudi kabla ya miezi kutimia, bila taarifa. Alikuja na bintiye Sidra, wa miaka tisa, na kunikuta navipangusa. Ningeweza kusema palepale, "Mama, chako ni hiki." Nilifungua mdomo. Lakini yeye alikuwa ameshatangulia, ameweka kiganja juu ya changu, cha mninga, na machozi yanamtoka. "Ndicho," akasema. "Ndicho chenyewe. Mungu akubariki mikono, fundi." Kisha akakigeukia cha bibi yake. "Na hiki unamtengenezea nani?"

Nikamjibu, "Najifunza tu, mama."

Akamtazama yule tausi mnayemtazama nyie sasa, akacheka kwa upole. "Umejitahidi. Ila bado kidogo. Tausi wako macho hayana uhai."

Sidra, yule mtoto, alikuwa ameinamia ubao wa kichwani anaunusa. Akasema, "Mama, hiki kinanukia bibi." Mama yake akamvuta mkono, akamwambia asichezee kazi za watu. Nikanyamaza, wanangu. Nikawafungulia kile cha mninga, nikawafungia kwenye mashuka yaleyale, nikawasaidia kukipandisha kwenye mkokoteni, na njia nzima kurudi ndani nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo linalonitia haya kuliko yote. Nilikuwa natabasamu.

Ngojeni ndege ipite. Hizi ndege na kelele zao, tangu tuhamie Kiwalani hatujawahi kumaliza sentensi.

Nilijiambia nitamwambia wiki ijayo, tucheke pamoja. Wiki ijayo alinitumia halua na barua ya shukrani. Mwezi uliofuata alikuwa ameshawaonyesha ndugu zake wote, na watu wa Kinondoni wakaanza kuniletea kazi kwa sababu ya kitanda hicho. Kila siku iliyopita ilikuwa inapiga ubao mwingine mlangoni. Karakana nilikuwa siwezi kukiweka, mteja yeyote angekiona, nikakileta hapa vipande vipande kwenye viroba vya pumba, na siku nilipokiunganisha nikaliziba dirisha la chumba hiki kwa matofali. Nyie mliambiwa ni kwa ajili ya wezi. Mmekulia katika nyumba yenye chumba kisicho na dirisha, mkazoea kwamba baba hapendi watu waingie chumbani kwake. Hata rafiki wa mama yenu aliyekuja kumtazama akiwa mzazi alipokelewa sebuleni.

Mama yenu nilimwambia mwaka wa tatu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema neno moja, "Kirudishe." Nikamwambia nitarudisha. Akauliza lini. Nikasema nikipata namna ya kusema. Akatandika mkeka chini, pale ulipoweka kiti chako Bi Zubeda, na hajapanda tena kitanda hiki mpaka alipoondoka duniani. Nyie mkadhani ni mgongo. Yeye mwenyewe aliwaambia ni mgongo. Miaka kumi na saba amelala sakafuni ili asinivunjie heshima mbele ya wanangu, na mie nikamwacha alale.

Bi Zehra alikuwa ananiita kila mwaka baada ya Idi ndogo nikipake nta kitanda chake. Niende nisiende? Nisipokwenda atauliza. Nikawa nakwenda. Napiga nta kazi ya mikono yangu mwenyewe huku yeye amekaa kwenye kiti ananisimulia habari za bibi yake, jinsi alivyotapika melini wiki nzima na kulishika tendegu hili la kulia kwa kuwa ndicho kitu pekee alichokijua katika meli ile. Alikuwa ananionyesha tendegu la mninga wa Tabora. Ananiambia, "Gusa, fundi, hapa pamelainika kwa kiganja chake." Pale pamelainika kwa msasa wangu. Nikawa nagusa. Nakunywa chai yake. Mafundi wengine wana watu wa kuwaonyesha kazi yao bora. Mie yangu ilikuwa mbele ya macho yangu, inasifiwa kwa jina la mtu mwingine, na siwezi kuisemea, na siwezi kuikimbia.

Alipougua mara ya mwisho aliomba niitwe. Nikamkuta amelala juu yake, mdogo kama mtoto, na Sidra, mtu mzima sasa, ameshika miguu yake. Akaniambia, "Badru, umenihifadhia kitanda. Nakwenda kwa mama yangu kutoka palepale alipotokea yeye." Hapo nilikuwa na nafasi ya mwisho ya kusema ukweli kwa mwenye haki. Lakini ningemwambia nini mtu anayekata roho, kwamba mama yake hakutokea pale? Nikasema, "Inshallah, mama." Akafa siku ya pili, saa nne asubuhi.

Farida, usilie, sasa ni zamu yako. Ulipoolewa uliniomba jambo moja tu, siku ya kutolewa ukalishwe juu ya samadari hii mashoga zako wakuone, na mie nikakufokea mbele ya kungwi, nikakuambia nyumba hii si jukwaa. Hukunisemesha mwaka mzima. Ulidhani nimekunyima kwa roho mbaya. Binti yangu, ningekupa chochote. Hicho tu sikuwa nacho cha kukupa. Niwie radhi.

Sasa Praygod. Alikuja kwangu mwaka tisini na nane kutoka Rombo, kijana wa miaka ishirini na miwili, akajifunza kazi kwangu miaka minane kabla ya kufungua karakana yake Tabata. Mkono wake ni msafi na mdomo wake pia. Nilipopigwa na huu ugonjwa miaka mitatu iliyopita, upande mmoja ukafa, Sidra alipiga simu nani atakayepaka nta, na mie nikamtuma Praygod. Akakichukua kitanda wiki sita, akakaza ndimi zilizolegea, akakirudisha. Nilimtuma mimi. Nilijua namwingiza katika nini? Sikutaka kujua.

Mwaka huu Sidra akamwalika mtaalamu wa vitu vya kale, mgeni, aandike historia ya kitanda kwa ajili ya watoto wake. Yule mtu akakwangua kidogo chini ya mfumbati, huu ubao mrefu wa ubavuni, akauliza kwa adabu, "Mama, una hakika kilitoka India? Mti huu ni mninga. Umeota Tanzania." Sidra akakaa chini. Akahesabu ni mikono ya nani iliyokipitia, na mkono uliokwenda nacho karakana wiki sita ulikuwa mmoja. Fundi Badru wa mama yake hakumfikiria hata kidogo. Praygod akachukuliwa na polisi kwamba amekibadilisha, akalala ndani siku nne, sasa yuko nje kwa dhamana, karakana imefungwa kwa kuwa wateja wamekuja kubeba vitu vyao, mkewe amepeleka watoto Rombo wasitaniwe shuleni, na kesi inatajwa tena Jumatatu.

Wiki iliyopita alikuja hapa. Farida ulikuwa umekwenda kliniki na mtoto, ulikuwa umeniacha barazani kwenye kiti cha plastiki. Akanisalimu kwa magoti, "Shikamoo mzee wangu," akaniletea mapapai. Akasema, "Mzee, wewe ndiye unayekijua kile kitanda kuliko mtu yeyote. Sikuombi unitetee. Njoo useme tu kwamba nilichokirudisha ndicho nilichokichukua. Basi." Kati yangu na ukweli palikuwa na ukuta mmoja wa tofali, na nyuma ya ukuta huo ndiyo hii samadari. Nikamtazama mwanafunzi wangu, nikalegeza mdomo upande uliokufa, nikasema, "Kitanda gani? Kumbukumbu zimenitoka, mwanangu." Nikajifanya nimepotewa. Akanishika mkono akautikisa taratibu, akasema, "Basi mzee, usijichoshe."

Jua lilikuwa limeshanifikia, na haja ndogo ilikuwa imenitoka. Akaona. Akasema, "Ngoja nikubebe nikuingize chumbani, nikubadilishe." Alishaniweka mkono chini ya magoti. Nikapiga kelele. Nilipiga kelele kama anayeibiwa, nikamwambia asiniguse, aondoke kwangu, mpaka majirani wakachungulia. Akaondoka. Nikabaki juani, nimelowa, saa mbili nzima, mpaka ulipofika wewe Farida ukauliza kwa nini sikuomba msaada. Nisingeweza kuomba msaada bila mtu kuingia hapa. Ndipo nilipoelewa nimejijengea nini.

Hapana, Shomari, kaa chini, niache niseme. Unasema nikisema haya nawatia aibu, wajukuu wataitwa wajukuu wa mwizi. Ndiyo. Wataitwa hivyo muda kidogo. Na watoto wa Praygod wataitwa nini, na wao baba yao hakuchukua hata kipande cha msasa? Nawe usiniambie tusubiri mpaka Jumatatu ipite. Nimesubiri kwa ustadi kuliko wewe.

Basi simu ishike maneno haya, na Bi Zubeda ayashuhudie, na mniletee wino niweke dole gumba kwenye karatasi atakayoiandika. Mimi Badru bin Mudathir, fundi seremala, wa Kiwalani, nikiwa na akili zangu, nasema kwamba kitanda cha mninga kilichoko kwa Sidra binti Zehra nilikitengeneza mimi mwaka tisini, na cha bibi yake, cha msaji, nimekificha mimi, na Praygod alikichukua kitanda kisicho cha kale akakirudisha kitanda kilekile. Mkitaka alama, matendegu mawili ya miguuni ya kitanda hiki yana viraka vya msaji mpya kwa ndani, vitatu katika kila moja. Nilivitia mimi kwa mkono wangu.

Farida, mpigie Sidra. Sasa hivi. Namba yake si unayo tangu wakati wa nta? Iweke sauti ya juu.

Sidra. Mie Fundi Badru. Ndiyo, nasikia unavyoshangaa, naongea. Kumbukumbu hazijanitoka, mama, Praygod nilimwambia uongo. Kitanda cha bibi yako kiko kwangu. Nimekilalia. Mama yako alichagua kile changu, nami sikumwambia, siku ile, na siku zote, na hata siku ile ya mwisho. Praygod hana kosa... Farida, amekata? Hajakata. Basi mwacheni alie. Simuombi anisamehe leo, hata asiponisamehe. Kile cha mninga akitaka akichome, ni chake... Anasema nini? Rudia, Farida, sikio hili halishiki. Anampitia Praygod Tabata, wanakuja wote? Ahsante, mama. Ahsante.

Sasa harakisheni. Sitaki wanikute juu yake. Shomari, nishike kwapani, Farida miguu, nipelekeni sebuleni na godoro langu, mlango wa mbele muuache wazi. Taratibu. Hapo. Hapo panatosha, nawaona mpaka chumbani.

Nawapeni radhi yangu, nyote wawili, kamili, bila kubakiza kitu. Mungu awape kazi mnayoweza kuionyesha mchana na kuitaja kwa majina yenu. Awape watu wa kuwaambia mapema mkikosea. Shomari, mama yako alikuwa anakuombea kila alfajiri, nami ... maji kidogo. Ahsante. Nikifa msinisifu sana pale makaburini. Semeni alikuwa fundi, na alikosa.

Nyundo ya nini, Shomari? Weka chini. Toa vioo kwanza, Bi Zubeda akupokee, mvifunge kwenye shuka. Nguzo za chandarua zinafuata. Halafu inama kichwani, utaona kigingi chini ya ulimi, upande wa ukutani. Kisukume kwa kidole gumba. Kidole tu. Hakijaguswa tangu... kinatoka chenyewe ukikipa muda. Umekisikia? Ndio huo mlio. Cha pili kiko... upande wako huo... usikilazimishe, baba... kishike ulimi kwa chini usi...